Mwenye Bakuli Bado Yu Hai

Mkono haujaachia.

Wewe uliyelikunja gazeti wiki iliyopita ukatutukana kimoyomoyo, likunjue sasa. Wanawake wawili bado wamesimama palepale sokoni, mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule. Kati yao kuna bakuli la kauri nyeupe, lenye mfuniko na maua ya buluu. Mmoja amelishika bakuli. Mwingine amemshika mkono huyo aliyelishika.

"Nimekuuliza," alisema mgeni. "Mwenye bakuli hili bado yu hai. Nani amekupa ruhusa ya kuliuza?"

Mama Birika alikwisha kuitwa mlanguzi, mwizi na hata mchawi, maana mtu anayenunua vyombo vya marehemu hakosi majina. Miaka kumi na tisa ya kuzunguka kwenye masoko na maonyesho ya vitu vya zamani ilikuwa imemfundisha kujibu kila tusi kwa tabasamu.

Leo tabasamu lilikataa kuja.

"Niachie mkono kwanza, mwanangu. Hivi vyombo nanunua. Siibi."

"Geuza."

"Nigeuze nini?"

"Geuza bakuli. Ukikuta pini tatu za shaba, moja imepinda, hutahitaji kuniuliza najuaje."

Mama Birika hakuhitaji kugeuza. Siku mbili kabla, alilisafisha bakuli lile kwa mswaki wa meno na magadi, akazipapasa pini zote kwa ncha ya kidole. Zilikuwa tatu. Ya katikati imepinda. Tena aliipenda ile kazi, kwa sababu zamani chombo kikipasuka hakikutupwa. Fundi alitoboa pande zote mbili za ufa, akashona kwa pini kama daktari anayeshona kidonda.

"Nililivunja mimi nikiwa na miaka saba," alisema mgeni, na sauti ikaanza kumkatika. "Baba akamtafuta fundi. Hiyo iliyopinda aliigonga baba mwenyewe, fundi akiwa amekwenda kula. Mama akaapa bakuli hili halitoki kwenye kabati lake mpaka yeye atoke nyumbani amebebwa."

Meza ya pili, Babu Saa aliinua kichwa. Mzee huyu aliuza saa za ukutani, thelathini na zaidi, na hapakuwa na mbili zilizokubaliana.

"Jirani, kuna vita hapo?"

"Hakuna, babu. Nitazamie meza kidogo."

"Nikiitazama meza, mimi nani atanitazama?"

Ndio mzaha wake wa kila Jumamosi. Kila Jumamosi Mama Birika alicheka. Leo Babu Saa alicheka peke yake, akanyamaza katikati.

* * *

Waliketi nyuma ya meza, juu ya makreti, kati ya pasi za mkaa na mabuli yasiyo na vifuniko.

Mgeni alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mbali. Alikuwa na mzazi mmoja tu aliyebaki, mama yake, mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa wake walizaliwa mikononi mwa mama huyo. Aliishi peke yake nyuma ya reli na hakutaka kuhamia kwa mtu.

"Nimempigia siku tisa mfululizo," alisema Mwalimu. "Siku ya tano mwanamume akapokea. Sauti laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Akasema mama amepumzika, nisimsumbue. Nikauliza, wewe ni nani? Akakata."

Mama Birika aliijua sauti ya namna hiyo.

Sauti laini.

"Leo asubuhi nimeshuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja nyumbani. Nimekuta kufuli jipya. Jirani akanitolea macho. Ati, mama si alichukuliwa na binti yake, kwa gari? Nikamwambia, binti yake ni mimi, na mwingine hana. Nimekwenda polisi, wakaniambia mtu mzima akihama si kosa, nisubiri. Narudi stendi, nimekatiza hapa sokoni. Ndipo nikaona bakuli." Akamkazia macho. "Sasa niambie. Nani alikuuzia?"

"Mtu mmoja. Tunamwita Mpole."

"Mpole?"

"Anahamisha vyombo vya wazee. Mzee akienda kuishi kwa wanawe, Mpole anakodiwa kuisafisha nyumba. Miezi minane sasa ananiuzia. Hapigi kelele, hagombani na mtu. Kila mara nikiuliza wenyewe wako wapi, jibu ni lile lile: wamehamia kwa watoto."

"Na wewe ukaamini."

Jina lile la Birika alipewa na wateja. Mtoto hakujaliwa, lakini mabirika alikuwa nayo arobaini na moja, na kila moja alijua lilitoka jiko gani. Kwa nini basi vyombo vya Mpole hakuwahi kuulizia jiko?

"Kuna siku nilikuta miwani ndani ya buli," alisema polepole. "Miwani mizima, yenye kamba ya shingoni. Siku nyingine nikakuta meno ya bandia kwenye chombo cha sukari. Nikampigia. Akacheka, akasema wazee husahau."

"Mzee anahama bila meno yake?"

"Ndiyo."

"Ulipoyaona hayo meno hukujiuliza?"

"Nilijiuliza, mwanangu. Halafu nikaosha chombo."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Mama Birika aliona afadhali angetukanwa.

Akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Yeye."

* * *

Iliita mara moja tu.

"Aaah, mama yangu!" Sauti ya Mpole ilimiminika kama mafuta ya nazi. "Unajua nilikuwa nakuwaza sasa hivi?"

"Mema, natumaini."

"Kwako wewe niwaze mabaya?"

"Sikiliza. Lile bakuli la pini limepata mteja. Mama mwenye uwezo, anapamba nyumba. Anataka na kabati lilimokuwa."

Mama Birika alisikia kiganja kikifunika simu na sauti ya mwanamke ikinong'ona. Kisha Mpole akarudi, laini kuliko alivyoondoka.

"Mlete. Tena mlete leo, kabla ya saa nane. Kabati bado liko nyumbani kwenyewe, halijaguswa. Njoo naye mwenyewe, mama yangu. Usimtume mtu."

Akamwelekeza. Nyuma ya reli, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani. Mwalimu, aliyekuwa ametega sikio kwenye simu, alijiuma kidole.

Ni nyumbani kwao.

Miezi minane Mpole hakuwahi kumpeleka Mama Birika kwenye nyumba ya mtu. Siku zote biashara ilifanyika ghalani kwake, vyombo vikiwa vimekwisha kufungwa kwenye magazeti. Kwa nini leo? Swali lilimjia, likabisha hodi vizuri kabisa.

Hakulifungulia. Msomaji, kama angelifungulia, leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine.

"Atanijua?" aliuliza Mwalimu. "Picha zangu zimejaa ukutani kwa mama."

Mama Birika alimvua lile koti la safari, akamvika mtandio wake mwenyewe wa hariri, akamvisha miwani mikubwa ya jua iliyokuwa mezani kwake tangu mwaka juzi bila mnunuzi.

"Wewe ni tajiri. Usiguse kitu kwa mapenzi. Shika kila kitu kana kwamba kinanuka."

"Na nikishindwa kujizuia?"

"Kohoa."

* * *

Mtaa wa nyuma ya reli ulikuwa na nyumba za mfano mmoja, mabati mekundu na vibaraza vyembamba, kama watoto waliovalishwa sare. Kwenye nyumba ya jirani pazia lilifunguka kidogo, likafungwa.

Mpole alikuwa amesimama mlangoni, pekupeku, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Alikuwa mtu mdogo wa umbo. Hata mlango aliufungua kwa kuubembeleza.

"Karibuni. Miguu yenu yenye heri."

Ndani kulinuka dawa ya vidonda. Kila kitu kilikuwa kimebandikwa kijikaratasi chenye namba. Makochi yalikuwa na namba, cherehani pia, hata kiti cha kujifungulia cha mkunga, kile kifupi chenye mwanya mbele, kilichokuwa kikisubiri mnunuzi kama kuku aliyefungwa miguu. Ukutani palikuwa na miraba minane myeupe mahali ambapo picha zilikuwa zimetundikwa.

Mwalimu aliitazama ile miraba. Akakohoa.

"Vumbi," Mama Birika aliwahi kusema.

"Pole sana," alisema mwanamke aliyetokea jikoni.

Alikuwa mrefu, wa makamo, anatafuna chingamu. Alikuja akiwa amenyoosha mkono kama mwenye nyumba.

"Karibuni nyumbani. Mimi ndiye binti wa mama mwenye nyumba. Binti yake wa pekee."

Mama Birika alihisi kiwiko cha Mwalimu kikimgusa ubavuni.

"Ooh," alisema Mwalimu. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Na mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko kwangu, anakula na kulala tu. Unajua tena wazee."

"Wewe unafanya kazi gani, dada?"

"Mwalimu."

"Unafundisha darasa la ngapi?"

Chingamu ilisimama. "Yote," alisema mwanamke.

Mpole alicheka kidogo. "Walimu siku hizi ni wachache, mteja wangu. Mmoja anabeba shule nzima." Akaweka faili la kijani juu ya meza, akalipapasa kama paka. "Kabati hilo hapo, litazameni kwa nafasi. Na wewe, mama yangu, karatasi yetu ya kawaida iko humu. Weka sahihi, mimi nikawaite wabeba mizigo."

Akatoka. Binti wa bandia akamfuata, visigino vikigonga sakafu. Mlango ukafungwa bila sauti.

Mwalimu alivua miwani. Macho yalikuwa yamejaa.

"Ile saa mkononi mwa yule mwanamke ni ya mama. Walimpa hospitali siku aliyostaafu. Mama Birika, mama yangu amekufa?"

"Nyamaza. Bado hatujui."

"Angekuwa hai asingemvulia mtu saa ile!"

"Nimesema nyamaza, mwanangu. Tazama kabati, mimi nitie sahihi, watuone tuna shughuli."

Akafungua faili.

Kila alipochukua mzigo kwa Mpole alitia sahihi. Macho yake yaliishia kwenye orodha: sahani sita, vikombe vinne, birika moja. Alihakikisha idadi, akasaini chini, akaenda zake. Nani asome maandishi madogo na jua linachoma, na gari la kukodi linapiga honi?

Leo alisoma.

"Mimi, niliyetia sahihi hapa chini, ninayejulikana sokoni kwa jina la Mama Birika, ninakiri kwamba nimemchukua mwenye nyumba hii akae chini ya uangalizi wangu, na kwamba vyombo vyake vyote viko mikononi mwangu."

Aliona vibaya? Akasoma tena. Akafunua karatasi ya chini yake. Maneno yale yale, nyumba nyingine. Ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa na sahihi, hata ile ya juu, ya siku aliyochukua bakuli. Mkono ulikuwa wake, na ile herufi ya mwisho iliyoburutwa kama mkia alijifunza mwenyewe tangu shuleni.

Nyumba nane. Wazee wanane.

"Nini hicho?" Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Mama Birika alijaribu kufunga faili, lakini Mwalimu alikwisha kuweka kidole kati. Akasoma. Kila alipofunua karatasi, alisogea hatua ndogo mbali na mwenzake.

"Wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Watu wanane, na sahihi ni zako. Wako wapi?"

"Wallahi sijui! Nilidhani ni risiti. Mimi ni mjinga, mwanangu, nimekuwa mjinga miezi minane, lakini si muuaji. Ningekuwa mmoja wao, ningekuleta huku?"

Swali lile lingeweza kujibiwa kwa namna mbili, na wote wawili walijua.

Mama Birika aligeuza uso kwa aibu, na hapo ndipo macho yake yaliposhuka sakafuni.

"Mwanangu," alisema. "Kabati hili lilikuwa linakaa hapa?"

"Hapana. Lilikuwa ukuta wa dirishani. Nimeshangaa tangu nimeingia."

"Tazama sakafu."

Saruji ilikuwa imepigwa rangi nyekundu na kung'arishwa miaka mingi, mpaka ikawa kama ganda la tende. Chini ya mguu wa kabati, rangi ilikuwa imechubuliwa. Si mchubuko mmoja. Ilikuwa mikwaruzo mingi ya mduara, mmoja juu ya mwingine, inakwenda na kurudi.

Kabati la mninga la ukubwa ule husafiri mara mbili tu maishani mwake, siku ya kuletwa na siku ya kuuzwa. Hili lilikuwa likisogezwa kila siku.

"Nyuma yake kuna nini?"

Mwalimu alipauka. "Stoo. Stoo ya mama ya dawa."

* * *

Walisukuma kwa mabega. Vioo vililia ndani. Kabati liligoma, kisha likateleza kwenye njia yake kama mlango, na nyuma yake ukatokea mlango wa kweli, mfupi, wenye komeo la chuma upande wa nje.

Komeo lilikuwa limepakwa mafuta lisilie.

Mwalimu alilivuta.

Harufu iliwatangulia. Kisha wakaona godoro, ndoo, jagi la maji, na pembeni, mgongo kwenye ukuta, mwanamke mzee aliyekunja magoti kama mtoto. Alikinga uso kwa ngumi mbili.

"Sitii," alisema. "Nimewaambia, sitii."

"Mama!"

"Binti yangu yuko mbali. Msinichezee. Jana pia mlimleta mtu akaniita mama."

"Ni mimi. Mama, nitazame, ni mimi!"

"Sioni vizuri, mwanga huu." Mzee alivuta pumzi. "Kama ni wewe, ile pini iliyopinda nani aliigonga?"

Mwalimu alianguka magotini. "Baba. Fundi alikuwa amekwenda kula. Na mimi nilikuwa chini ya meza nalia, ukanipa mfuniko niushike ili nijione nasaidia."

Zile ngumi zilishuka. Mkunga alitoa sauti ambayo hatutajaribu kuiandika, na mwanawe akamkumbatia pamoja na shuka, uvundo na yote. Mama Birika aligeuka akatazama ukuta. Wengine hawana haki ya kutazama mambo kama hayo.

"Walitaka nini, mama?"

"Dole gumba langu. Wana hati ya kuuza nyumba. Vyombo wamechukua, hawakuniuliza, lakini nyumba inataka dole." Alionyesha ngumi, vidole gumba vimefichwa ndani, kucha zimeuma nyama. "Siku tisa nimekunja. Nalala nimekunja. Walipotaka kunifungua kwa nguvu nikamng'ata yule mdogo, nikamwacha na alama."

Hata katika hali ile, Mama Birika alitaka kucheka. Mkunga alikuwa mkunga kweli.

"Tumnyanyue," alisema. "Tutoke kwanza, maneno baadaye."

Alikimbilia mlango wa mbele. Akazungusha kitasa. Akazungusha tena, kwa mikono miwili.

Umefungwa kwa nje.

"Usihangaike, mama yangu."

Mpole alikuwa dirishani, nyuma ya nondo, mikono ameifungia mgongoni. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge.

"Jirani aliniambia asubuhi kwamba binti amefika na ameuliza maswali. Nikajua mambo yameharibika. Kitu kikiharibika lazima kipate mwenyewe. Ulipopiga simu, nilimshukuru Mungu. Sikuwa nimejua nikufikisheje hapa kabla ya saa nane, na wewe ukajileta, na mteja wako mkononi."

"Saa nane kuna nini?"

"Polisi. Nimewaita mimi. Nimewaambia mimi ni mbeba vyombo tu, mtu maskini, na kwamba leo nimegundua jambo la kutisha katika nyumba ninayotumwa kusafisha. Nikawaambia ni nani huwa ananituma."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Pengine. Lakini sahihi si zangu." Akainamisha kichwa kwa heshima, kama kawaida yake. "Ulipaswa kusoma, mama yangu. Karatasi nane."

Akaondoka dirishani.

Mama Birika alirudi ndani akiwa haoni mbele. Faili! Aliliangalia juu ya meza. Akachane zile karatasi? Azitafune? Na Mwalimu alikuwa akimtazama kutoka mlango wa stoo, mama yake amemwegemea begani.

"Usiziguse," alisema Mwalimu.

"Wataniangamiza nazo."

"Ukizichana ndipo utaonekana wewe. Ziache. Nimesikia aliyoyasema, nitakuwa shahidi. Nilikushuku, nisamehe. Lakini wewe ndiye uliyepiga simu, wewe ndiye uliyeona sakafu. Bila wewe mama angefia humo." Akamgeukia mzee, akanyanyua sauti kidogo kama tunavyofanya kwa wazee. "Mama, sikia. Huyu ndiye aliyenisaidia kukupata. Wanamwita Mama Birika."

Mkunga aliacha kupumua.

"Umemwitaje?"

"Mama Birika. Anauza vyombo sokoni..."

"Nitoe hapa."

"Mama?"

"Nitoe hapa! Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Mzee alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa stoo. "Wale wawili wanatumwa tu. Kila siku nawasikia nyuma ya mlango. Mama Birika kasema tumpunguzie maji. Mama Birika kasema tusubiri mpaka Jumamosi. Mama Birika kasema wale wengine pia walikataa mwanzoni. Siku tisa, mwanangu! Siku tisa nasikia jina hilo kabla sijapewa chakula!"

"Wamesema uongo, bibi," alisema Mama Birika. "Walilitaja jina langu makusudi usikie. Walijua ungekuja kusema."

Lakini alijisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyotoka. Hata yeye asingeyaamini.

Nje, gari lilisimama. Milango miwili ikafunguliwa na kufungwa.

Mwalimu alimtazama mama yake anayetetemeka. Akalitazama faili. Akautazama mtandio wa hariri mabegani mwake mwenyewe, alioazimwa na mwanamke ambaye saa nne zilizopita hakumjua kabisa, ambaye alimwambia la kuvaa, la kusema, hata la kufanya akitaka kulia.

Akauvua. Akauacha uanguke.

"Mwanangu," alisema Mama Birika. "Umemsikia dirishani. Wewe mwenyewe umemsikia."

"Nilikuwa stoo," alisema Mwalimu. "Nilisikia sauti. Sikusikia kila neno."

"Umesema ulisikia!"

"Nilisema hivyo kabla mama hajasema."

Ufunguo ulizunguka. Mlango ukafunguka wazi, na kwa mara ya kwanza siku ile ukalia. Askari wawili waliingia, mmoja mwanamke, mkono kiunoni. Nyuma yao alikuja Mpole na binti wa bandia wameshikana, na Mpole alikuwa analia machozi ya kweli, yanadondoka kwenye shati lake lililopigwa pasi.

Askari mwanamke alikiangalia chumba. Akaiona ndoo. Akamwona mzee. Uso wake ukawa mgumu.

"Mama Birika ni nani kati yenu?"

Mkunga alikuwa amefumba macho, midomo inatikisika bila sauti.

Ni Mwalimu aliyeinua mkono.

"Ni huyu," alisema.